Kisima cha sehemu ya tisa

Anitha, nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya kibanda kizima cha video!

Ile tamthilia ya wakulima na wafugaji wa sayari nyingine, sehemu ya tisa. Si unajua miaka minne nahubiri kila mkutano hapa Kilosa kwamba wafugaji wa mle ndio waliotia sumu kisimani? Na mzee Sironga, mfugaji wa hapa, nikamnyima shikamoo kwa sababu alinibishia?

Leo tumeirudia. Wakulima, Anitha! Wakulima ndio waliotia sumu! Na mimi ndiye ninayejisifu sisahau kitu.

Sironga akasema taratibu, "Rudisha nyuma, mwanaharakati, tuone tena."

Nikarudisha. Wakulima tena.

Nikasimama. "Shikamoo, mzee."

Akaniangalia weee. "Marahaba. Haya, weka sehemu ya kumi, tuone na huko ulitudanganya nini."