Mama Mwenye Pembe

Kharumwa, 4 Oktoba 2025

Enock,

Wewe ni mwizi, na nimeanza na hilo usije ukadhani nimesahau. Shikamoo yako sijaiona, basi nakuamkia mimi: hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti. Simu hupokei, kwa hiyo soma.

Ile sarafu ya fedha uliyoichomoa kwenye kopo langu la chumvi si yangu. Ni ya Bhagwati wa duka la vitenge, Shinyanga. Alipokwenda Mwanza kutibiwa macho aliniachia mimi, akawapita ndugu zake wote. Macho hayakupona, sarafu akaniachia niendelee kuitunza, lakini kila sikukuu yao ya taa nampelekea aioshe kwa maziwa, kwa heshima ya yule mama aliyechorwa upande mmoja, ameshika pembe. Sikukuu inaanza Jumamosi, tarehe 18. Irudishe.

Bibi yako,
Paskazia

Segese, 9 Oktoba 2025

Shikamoo Bibi,

Kifua kimepona. Pole na goti. Sikuiba, niliazima. Nimetafuta kwenye simu: ni ya Warumi wa kale, karibu miaka elfu mbili. Yule mwanamume wa upande wa pili ni mfalme wao, majani ya kichwani ni ushindi. Yule mama ni Neema, mungu wao wa shibe. Pembe yake inamwaga matunda na nafaka, maana yake nchi haitalala njaa.

Bibi, usikasirike. Stanslaus, anayenunua dhahabu hapa, alisema ule weupe ni ganda tu, ndani dhahabu. Akaitumbukiza kwenye tindikali. Ikachemka, ikatoa moshi. Tulipoitoa, mfalme alikuwa mzima, kwa sababu upande wake ulilalia chini ya kikombe. Yule mama ameliwa, uso na pembe. Kuna fundi anaweza kuchonga nyingine. Si Bhagwati haoni? Hatajua.

Mjukuu wako,
Enock

Kharumwa, 13 Oktoba 2025

Enock,

Leo hujambo sina. Goti usiliulize.

Ulihitaji simu ikuambie pembe ni utajiri? Wewe uliyekulia zizini kwa babu yako Bujiku! Ungeniuliza.

Eti hatajua! Bhagwati anamwona yule mama kwa kidole gumba. Anaanzia kwenye pembe, anafuata mkono, anafika usoni, ndipo anaomba. Huyo mfalme wako mwenye majani kama mbuzi aliyetoka porini hajawahi hata kumgusa. Na ndiye mliyemnusuru! Stanslaus ainywe tindikali yake.

Sarafu usimpe dereva, usimtume mtu. Jumamosi panda basi la kwanza, uje dukani kwa Bhagwati, utanikuta. Mwekee mkononi mwenyewe, upande ulioliwa juu, na usiondoe mkono wako mpaka kidole chake kimalize kutafuta.

Bibi yako,
Paskazia