Mama Mkwe Amenikuta na Bakuli la Paka

Mwenzio nimeumbuka. Usicheke kwanza, soma.

Unamjua paka wa mume wangu anavyoringa. Chakula cha kopo kikishalala kwenye friji, anakinusa tu na kukupa mgongo. Leo siku ya pili hajala. Nikampigia mwenyewe huko safarini, akasema kipashe kwa maji ya moto kidogo, halafu jifanye unakila wewe. Akikuona unakula, atakuja.

Basi nikapiga magoti jikoni. Nikachota kijiko, nikakisogeza mdomoni, nikasema, "Mmm, tamu."

Mlango ukafunguliwa. Paka akatimkia chini ya kabati.

Mama mkwe. Ana ufunguo wake, si unajua.

Sakafuni nipo mimi, kijiko na bakuli. Nikasema, "Mama, nilikuwa nambembeleza paka."

Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikaonyesha chini ya kabati. Hata mkia hauonekani.

Akafungua friji. Makopo matatu ya paka, yote yameliwa nusu. Akaifunga taratibu, akanishika bega. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Ungeniambia."

Kisha akapika. Akanipakulia sahani ikajaa pomoni. Kwa aibu nikawa nakigeuzageuza chakula tu, sili. Akavuta kiti, akachota kijiko kwenye sahani yangu, akakitia mdomoni huku ananitazama.

"Mmm, tamu."

Nimekula yote.

Alipoondoka tu, paka akatoka chini ya kabati, akamaliza bakuli lake. Chakula kilikuwa kimeshapoa.