Ukurasa wa Nyuma

Likoni, 9 Juni 1961

Kaka Matano,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mvua imetuozeshea mihogo.

Yale maneno ya kwetu niliyoyaandika kutoka kinywani mwa Mama, kabla maradhi hayajamfunga ulimi mwezi wa Ramadhani, nimeyapanga pamoja na maana zake yawe kitabu, na mfano wake nimeushona kwa mkono. Nawapa watu, kisha nawatazama, maana natamani kujua jicho la mtu huanzia wapi kusoma. Nicanor, mpiga chapa mwenzangu, asema nimeacha nafasi nyingi mno pembeni. Jirani yetu Mwanakheri ataka picha ya kifumbu kando ya neno lenyewe, kwani mkaza mwanawe ni mtu wa bara, hajui tui huchujwa vipi.

Jana nikampa Mama. Akakigeuza, akakifungua kwa nyuma, kama afunguavyo vyuo vyake, vitabu vya herufi za Kiarabu. Akakuta ukurasa mtupu. Niliona haya, Kaka. Miezi sita napanga maneno yake, na sikujiuliza hata siku moja yeye ataingilia wapi.

Akaashiria kalamu. Akaandika hapo hapo, kutoka kulia. Basi kitabu kitakuwa na mianzo miwili, na Nicanor atasema atakalo.

Yaliyowatenganisha wewe na Mama siyataji. Ila aliandika neno moja tu, nalo ni jina lako. Tangu jana kitabu ki wazi mapajani mwake, na hataki nikifunge.

Ni mimi nduguyo,
Mwidani