Betri ya Mama Neema

Yeoville, Jumatano, Juni 2012

Haraka gani ile! Seli ya betri iliyokufa nikaifufua kwa chaji huwa naiacha mezani siku tatu nikiipima. Volti zikishuka, naitupa, maana inaweza kuwaka moto. Leo jirani yangu Mama Neema, fundi cherehani, alisimama mlangoni. "Baba Eliya, nipe betri ya laptopu hivyo hivyo. Kesho napeleka maelezo ya kuomba ukimbizi, bado nayaandika, na umeme wetu unakatika kila mara." Nikampa, ingawa seli moja ndani yake nilikuwa nimeifufua asubuhi hii hii.

Jioni roho ikakataa kutulia. Nikaenda kwake. Laptopu ilikuwa inachaji kitandani, kando ya mtoto wake aliyelala, betri haishikiki kwa joto. Nikaichomoa betri.

"Eish, Baba Eliya, na karatasi zangu?"

Sasa iko uani, kwenye ndoo ya mchanga. Hataki hata kuniona. Na anichukie, mradi yeye na mtoto wako hai.