Ukuta wa Mchanga Ndani ya Kompyuta

Baba mpendwa, shikamoo.

Hapa Segerea kwa shangazi joto linaanza asubuhi na mapema. Kila nikisikia koleo la mafundi wa jirani nakukumbuka wewe.

Jana Dada Neema, binti wa shangazi anayesomea uhandisi wa miamba, alinionyesha kompyuta inavyoigiza mchanga, chembe kwa chembe. Alijenga ukuta kama wa shimo letu la mchanga unakochimba, akauchimba chini, ukaporomoka papo hapo.

Nikasema polepole, "Dada, wa kwetu hauanguki hivyo. Asubuhi una unyevu, unasimama."

Akacheka. "Kumbe bubu wetu anaongea! Haya, mhandisi, sogea hapa."

Akauongezea unyevu, na kweli ukasimama. Nilifurahi, Baba. Kisha akaukausha kidogo kidogo kutoka juu, kama jua linavyofanya. Hakuna aliyeugusa tena, lakini ukashuka wote kwa mara moja. Dada alikuwa bado anacheka. Mie nilikuwa nakuona wewe, saa nne, umeegemea ukuta kama ule, unakunywa uji kwenye kivuli chake.

Nakuomba usichimbe tena kwa chini, anza juu. Uji kanywee mbali, hata juani. Najua utasema mtoto ameenda mjini juzi tu, leo anafundisha watu kushika koleo.

Nina hamu nawe sana. Nataka nikirudi nikukute, unigombeze mwenyewe, ana kwa ana.

Mwanao akupendaye,
Rehema