Bata wa Jumatano

3 Februari

Kwako dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, mafua tu ya hapa na pale, baridi ya huku haina adabu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe kweli mnakuja, na mama mkwe wako juu! Siku nne si nyingi, lakini nimeshazipanga.

Jumatatu mtafika mchana, msifanye makubwa. Nyuma ya hoteli yenu kuna uwanja wenye maji yanayoruka kutoka chini. Watoto wote wa mji hulowa pale, kwa hiyo beba nguo za akiba. Kuleni mapema kwenye mkahawa wa kona. Watoto wanapewa karatasi na kalamu za rangi, na mtu akimwaga juisi hakuna anayekunja uso. Mwambie Kitinda sahani zao zina vigawanyo, wali hautagusana na mchuzi.

Jumanne ni Nyumba ya Watoto, kazini kwangu. Kuna chumba cha mapovu ya sabuni, na kingine cha kujenga madaraja ya mbao, ambako yule mkubwa, Mwanasheria wenu, atapata wa kubishana nao. Tuko watatu tunaopokezana lile vazi la bata, na Jumanne zamu ni yangu. Watu huko wanadhani huku nakula bata, kumbe bata ndiye mimi. Usiwaambie watoto mapema. Ndani ya vazi haturuhusiwi kusema, na kichwa hakivuliwi mbele ya mtoto hata kikikuchoma, lakini nitawapungia bawa mara tatu, mtajua ni mjomba.

Jumatano napumzika, nitawatembeza mwenyewe: boti ya mtoni, kisha pale ambapo watoto hukanda unga na kuoka piza yao. Alhamisi tutaona magari moshi ya kuchezea. Na jioni, dada, mtakula kwangu. Chumba ni kimoja lakini kina dirisha zuri. Nimenunua sahani sita, na jirani yangu fundi viatu ataniazima viti vinne. Miaka kumi na miwili sijakaa meza moja na ndugu.

Wako,
Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo wangu afadhali, ahsante. Natumaini mafua yamekuachia.

Habari si nzuri. Kitinda ameshikwa na kifua na daktari amekataza asipande ndege. Shemeji yako naye kazi imembana. Tumeahirisha mpaka mwakani, Mungu akipenda. Najua ulivyohangaika, niwie radhi. Mwanasheria ameikariri ratiba yako yote na analalamika kutwa nzima.

Usinunue kitu kingine.

Dada yako


13 Aprili

Kwako dada,

Shikamoo. Kifua cha Kitinda nadhani kimepona, maana Jumatano alikuwa anaruka vizuri.

Mwenzangu aliniomba nimshikie zamu siku hiyo, mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Sikuwa na wageni tena, nikakubali. Saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni pa chumba cha mapovu. Kwanza nikamwona mtoto anambishia mama wa tiketi kuhusu umri wake. Nikajiambia, watu hufanana. Kisha nikakuona wewe, shingoni una ile skafu niliyokutumia.

Nilidhani mmeamua kunishtukiza, na nusura nikukimbilie. Ndipo nikamsikia mama mkwe wako: "Bahati mbaya tu ndugu yako daktari amesafiri, angetutembeza." Nawe ukajibu, "Ndiyo mama, ana mkutano mbali."

Kitinda akanishika mguu akaninong'oneza, "Mjomba wangu ni daktari wa watoto, anakaa mji huu. Unamjua?" Bata hasemi. Nikatikisa kichwa kwamba namjua.

Halafu ukaomba picha. Ukasimama kushoto kwangu, ukaniwekea mkono begani, ukatabasamu. Miaka kumi na miwili, na mkono wako nikausikia kupitia sponji.

Ningeweza kuwafuata nje. Nilijiambia kanuni hairuhusu, lakini haikuwa kanuni. Niliona haya. Kwanza nilikuonea haya wewe, halafu nikamtazama shemeji na viatu vyake vinavyong'aa, nikajionea haya mwenyewe. Kazi niliyokuwa naifanyia mzaha, siku ile ilinielemea. Udaktari niliuacha mwaka wa pili, na wewe ndiye niliyekuambia wa kwanza. Sikujua kwamba huko kwenu nilihitimu.

Alhamisi jioni nilipika. Nilijua hamji, nikapika tu.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikujulie hali kwa uso gani. Hujambo lakini?

Barua yako imekaa wiki sita kwenye kabati la vyombo. Kila nikitoa sufuria naiona, naifunika tena.

Siku ya posa yangu mama mkwe aliuliza ndugu zangu wanafanya kazi gani. Wewe ulikuwa umeacha masomo mwezi uliotangulia. Nikakumbuka nyumba yao, mazulia yao, nikasema daktari. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu niliirefusha miaka kumi na moja, mpaka nikawa nawasimulia habari za wagonjwa wako. Mama mkwe alipotaka kuja nasi, nikajua nitaumbuka, ndipo nikakuandikia habari za kifua. Mwanasheria, niliyemsomea ratiba bila kutaja kazi yako, hakukubali tuikose Nyumba ya Watoto. Nikachagua Jumatano kwa sababu uliandika unapumzika. Ratiba uliyonipangia kwa upendo niliitumia kukukwepa. Tulikula kila mahali ulipotuelekeza. Sahani zina vigawanyo kweli. Kitinda alimaliza wali wote.

Jumapili niliwaambia mezani, wote wakiwepo. Shemeji yako aliinuka na sahani yake akaenda kumalizia chakula jikoni, na hajanisemesha vizuri hadi leo. Mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo yule uliyemwekea mkono begani ni ndugu yako wa tumbo moja?"

Aliyenimaliza ni Kitinda. Akasema, "Mama, si nilikwambia bata analia? Ukasema ni mashine."

Ni kweli, mdogo wangu. Aliniambia pale pale, nami nikamvuta mkono tuwahi piza.

Ile picha mama mkwe ameichukua. Ameiweka sebuleni kwake, na wageni wakimuuliza anawaambia ni shemeji wa mwanawe. Mimi nikienda kwake nakaa kiti kinachoipa mgongo.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba nimesema.

Dada yako


11 Juni

Kwako dada,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi imepungua.

Viti nilimrudishia fundi viatu. Aliniuliza kama wageni wangu walifika, nikamwambia walifika na walikula vizuri. Kwa hiyo hata mimi nina uongo wangu, na kila nikipita mlangoni kwake natazama chini. Sijapona, dada, nisikudanganye.

Sahani zipo. Moja nimeshaitumia. Tano bado zina karatasi ya bei.

Mje Jumanne.

Mdogo wako