Auntie Kemunto Yuko Wapi Kwa Hii Picha?

Jumapili, Juni. Jua linachoma huku ughaibuni, Carrollton, AC ya gari imekufa, na mimi nina furaha kama mtoto aliyevalishwa nguo za Krismasi.

Acha nianze na Mjerumani. Kuna mchoraji mmoja wa karne ya kumi na tisa, nilimpata tu niki-scroll. Alichora mfalme wao akienda vitani. Barabara imejaa bendera na watu. Nikatafuta mfalme. Nika-zoom. Kumbe ni huyo, kadogo, ndani ya gari la farasi! Mbele ni raia tu: huyu na gazeti, yule analia, mbwa wako na shughuli zao.

Nilichizi.

Sasa, Auntie Kemunto, dada ya mamangu, amemaliza kusomea unesi juzi. Akaniambia nimchore na gauni lake la graduation, atundike sebuleni. Hakuna shule ilinifunza kuchora, na hakuna mtu amewahi kuniitisha picha. Yeye ndiye wa kwanza.

Na mimi nikamchora kama yule mfalme.

Leo nikaipeleka kwake Cedar Hill. Njia nzima najiambia, akiikataa, brashi naweka chini. Familia yote ilikuwa imejaa hapo. Nikatoa shuka iliyofunika picha.

"Na mimi niko wapi?" Auntie akauliza.

Nikaokota shuka, tayari kuifunika tena.

"Woi! Si huyu ni mimi na sufuria ya pilau!" Huyo ni Mama. Basi wakaanza kusukumana, kila mtu anajitafuta. Katoto ka binamu yangu kanaruka, "That's my shoe! That's my shoe!"

Auntie akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akajipata huko nyuma: kofia, miwani, halafu mashada matupu. Si mnajua vile sisi hufanya siku ya graduation. Kila mtu alikuja na shada lake la kung'aa, akamvalisha juu ya mengine, mpaka shingo na mdomo vikapotea.



"Aki wewe. Hiyo siku sikuona mtu. Mlinifunika, nikawa nasikia tu kelele. Kumbe mlikuwa wengi hivi?"

Akaanza kuwagusa na kidole, mmoja mmoja, akiwataja majina. Analia, anacheka, mara akapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Imetundikwa! Juu ya TV!

Shida ni Anko Mose, bwanake. Hayuko kwa picha. Sherehe yote alikuwa anazunguka akitafuta parking.

"Mweke hapo pembeni," Auntie akasema, "bado anazunguka."

"Sawa," Anko akasema, "lakini tumbo upunguze."

Kwa hivyo kesho nikitoka job narudi Cedar Hill na rangi zangu. Yule Mjerumani hangepunguza tumbo la mtu.

Ama nipunguze, kidogo tu?